Isomwe Asubuhi, Konsolata Akiwepo

Nyamigogo, Biharamulo
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako nimeisikia kutoka huku huku, ile ndefu inayoanzia puani, kwa hiyo naendelea. Mgongo unaendeleaje? Kile kikohozi cha moshi kimekuachia? Mbuzi mweupe ameshazaa? Na maharage huko Bukiriro yamebeba, au mvua imewafanyia tena mchezo wake wa kupita juu ya vichwa vyenu kwenda kunyesha Burundi? Sisi huku tuko salama kwa kiasi chetu. Mume wangu Masanja mzima, watoto wazima, mama mkwe mzima. Mimi nipo, na nimekasirika.

Nimeanza na salamu kwa sababu ulinifundisha kwamba hata anayekuja kugombana hubisha hodi kwanza. Hodi basi.

Kaka Edigari, wewe ndiye unayemsomea Mama, kwa hiyo shikamoo na wewe. Wewe ni mkubwa wangu na heshima yako iko pale pale, ila leo itabidi ikae kwenye foleni. Sikiliza kabla hujaenda mbali. Barua hii isomwe asubuhi, kabla jua halijapasha ua, watu wakiwa kwenye uji. Konsolata mdogo wetu awepo. Kama umeifungua mchana au jioni, ikunje, iweke juu ya kabati, usubiri kesho. Sababu utaikuta mwishoni, na usikimbilie mwishoni. Nakujua, wewe hata Biblia unaanzia Ufunuo. Wala usiruke mistari. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, sauti ya mtu anayeruka mistari naijua hata nikiwa wilaya nyingine.

Ninachotaka nakisema sasa hivi, asije mtu akadai hakuelewa. Nataka Konsolata apande basi aje kwangu, nimpeleke hospitali akapimwe viungo, kabla wageni wa mchumba wake hawajaingia kwenye ua wetu na kabla Mama hajamgusa na pembe yake ya kuumikia. Mengine yote humu ni maelezo.

Mtauliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga. Huko kwetu simu ikiwa upande wa jikoni inashika mtandao wa Burundi, ikiwa upande wa zizi inashika wa kwetu, na kila nikifika kwenye neno pembe, Edigari, ghafla unahamia jikoni. Karatasi haina mtandao.

Habari za huku ni hizi. Wanaosema Biharamulo si mbali na Ngara hawajawahi kusafiri na magoti yangu. Basi likipita Benako miguu imeshakuwa ya mtu mwingine. Tukifika Lusahunga najishikilia kiti cha mbele kwa kiwiko, maana vidole vimegoma, na Biharamulo mjini Masanja hunishusha kama mtu anayeshusha kabati, anazunguka kwanza akitafuta pa kushika. Ndiyo maana sionekani huko, Mama. Si kwamba Wasukuma wamenifunga kamba.

Asubuhi ndiyo adui yangu mkubwa. Naamka akili iko wazi, mwili haupo. Vidole vimevimba na kukakamaa, vifundo vya mikono vina joto kana kwamba kuna kaa limesahauliwa chini ya ngozi. Kifungo cha gauni ni mlima. Mama mkwe huja na beseni la maji ya moto, ananisalimia Kisukuma kama mwanawe, "Mwangaluka, ng'wanone," anaitumbukiza mikono yangu humo kama anayeosha mihogo, na tunangoja mpaka vidole vianze kukubali. Huyo ndiye mwanamke ambaye Shangazi anatangaza kwenye vilabu vya pombe kwamba amenitupia kitu moyoni. Mwambieni Shangazi kwamba mchawi wangu ananichemshia maji kila siku kabla hajaenda kukamua ng'ombe. Yeye, tangu nianze kuumwa, amenichemshia nini zaidi ya maneno?

Majirani nao wana lao. Wanaona jua limepanda na mke wa Masanja hajashika jembe. "Mwalimu anaogopa umande," wanasema, na wanahakikisha nasikia. Ikifika saa nne viungo vimelegea, natembea, nacheka na watu, basi wanagongana viwiko: si uliona, alikuwa anajidekeza. Ugonjwa usio na kidonda hauna shahidi. Shuleni chaki inanidondoka, kwa hiyo wanafunzi ndio wananiandikia ubaoni, na wanagombania hiyo kazi. Mwalimu mwenzangu mmoja alisema ofisini, mimi nikiwa hapo hapo, kwamba Dafroza amejipatia watumishi. Nilimwambia achukue vidole vyangu wiki moja tu, na hao watumishi nitampa wote.

Halafu kuna moyo. Unaweza kuwa umekaa zako, hujakimbia, hujagombana na mtu, mara unaanza kupapatika kama kuku wa sokoni aliyefungwa miguu, yule anayenyamaza ukadhani amekubali halafu anaanza upya. Hauna mpangilio. Unaruka, unasita, unakimbilia, na pumzi inaufuata kwa nyuma. Mwanzoni nilisema ni uchovu. Siku niliyokaa chini mbele ya darasa, watoto wakadhani ni mchezo na wao wakakaa chini wote, ndipo Masanja aliponibeba kwenda hospitali. Huko wakasema moyo unapiga ovyo, tukapewa rufaa ng'ambo ya ziwa.

Na huko ng'ambo ya ziwa nilikasirika vizuri. Daktari wa viungo ana jengo lake, wa moyo ana lake, na katikati kuna ngazi. Huyu ananiambia habari za moyo nikaulize kule, yule ananiambia viungo si vyake. Mwili mmoja wameugawa kama ng'ombe wa sikukuu, huyu paja, huyu maini, na mimi mwenye ng'ombe natembea katikati yao nimeshika karatasi. Ilibidi nipige kelele ukumbini, Mama, mbele za watu, mwalimu mzima. Ndipo akatoka daktari mmoja wa moyo, dada mfupi mwenye sauti kali, akaniambia nimwage mezani kila dawa ninayotumia. Nikamwaga. Alipoiona diklofenaki ninayojinunulia dukani miaka yote kama pipi, alipiga meza. "Unataka kutapika damu?" aliniuliza. Nilimpenda hapo hapo. Ni mtu wa kwanza aliyekasirika kwa ajili yangu.

Huyo ndiye aliyenikalisha akanieleza, na nawaeleza kama alivyonieleza. Ugonjwa wa viungo vyangu si baridi ya usiku, si umande, wala si damu chafu. Ni walinzi wa mwili wenyewe waliogeukia nyumba yao wakaanza kuichoma. Moto huo usipozimwa mapema hauishii vidoleni, unaweza kufika mpaka kwenye moyo. Kwangu umewaka miaka yote hii nikiumwagia diklofenaki, na pembe ya Mama kila likizo, na huenda ndio uliouharibu moyo mwendo wake. Sasa kwa kuwa moyo unapiga ovyo, damu inaweza kutuama humo ndani ikaganda, kipande kikachomoka kikaenda kichwani, nikapooza. Ndiyo maana nameza dawa ya kuzuia damu isigande. Na mtu anayemeza dawa hiyo hachanjwi wembe. Hata ndizi mimi namenyewa, nisije nikajikata.

Edigari, rudia hapo. Hachanjwi.

Sasa tunafika kwenye lile la Krismasi, ambalo katika nyumba yetu limepewa jina la "ile ajali". Haikuwa ajali. Ajali ni gari kukosa breki.

Nilipofika niliwakalisha, nikawaeleza haya yote niliyoandika hapo juu, polepole, kama ninavyofundisha hesabu za sehemu. Mama ukaitikia "ego, ego" kila nilipovuta pumzi. Edigari ukasema daktari wa ng'ambo ya ziwa hajui mambo ya kwetu. Kesho yake asubuhi, na mnajua nilivyo asubuhi, nimelala kama gogo, mkaingia chumbani. Mama umeshika pembe. Edigari umeshika wembe mpya, bado uko kwenye karatasi yake, kana kwamba nilichokuwa nabishia ni uzee wa wembe.

Pembe naijua. Wageni wapita njia hawaijui, lakini mimi nimelelewa nayo. Ni ile Mama aliyopewa na rafiki yake Mrundi enzi za kambi ya wakimbizi ya Lukole, yule mama aliyekuwa akija kulima kwetu, akamfundisha Mama pa kuibandika, namna ya kufyonza hewa kwa tundu la juu na kuliziba kwa nta. Watu wametoka mbali kuja kuumikwa na Mama, na wengi wameondoka wakinyoosha migongo na kushukuru. Binti wa nyumba yetu akirudi likizo, Mama humuumika. Nyumba nyingine huchinja kuku, yetu hutoa damu chafu. Kuikataa pembe ni kama kusukuma sahani ya chakula mbele ya mzazi. Hayo yote nayajua, na bado nilisema hapana. Nilisema kwa Kiswahili, kisha nikasema oya kwa Kihangaza, ili baadaye asiwepo wa kunidai kwamba lugha ndiyo ilipotea.

"Mwana wanje," ulisema, Mama, na machozi yalikuwa yanakutoka, "huo moyo unaruka kwa sababu damu mbaya imepanda. Razima itoke. Nikae nakuangaria tu ufe?"

Na wewe Edigari ukaongeza, "Dafroza, usimlize Mama. Ni kidogo tu."

Ningekuwa na mikono yangu ya saa nne ningewasukuma wote wawili. Nilikuwa na ile ya alfajiri. Mkanigeuza, mkanichanja mgongoni, mkabandika pembe.

Damu ilijaa haraka, na Mama ukafurahi. "Ona irivyokuwa nyingi," ulisema, kama mtu aliyefumania mwizi ndani ya nyumba. Mlipobandua, haikuacha. Mkaleta majivu. Mkaleta unga wa kahawa. Mkaleta khanga ya wifi, kisha shuka la kitanda, na mwishowe kitambaa cha meza tulichokuwa tumekitandika kwa ajili ya sikukuu. Nilihisi moyo unapapatika, kisha masikio yakaziba, na sauti yako, Mama, ikisali rozari, nikaisikia kwa mbali kana kwamba unasali bondeni kwenye maji. Nilikuwa nakufa siku ya pili ya Krismasi kwa upendo wa mama yangu. Sitaki kuliandika hilo kwa maneno laini zaidi.

Sasa hapa, Edigari, usikohoe wala usiombe maji. Soma. Tulipofika hospitali daktari aliuliza imekuwaje, na wewe, mtoto wa kwanza wa Baba, ukamjibu kwamba nilianguka kwenye mawe. Nilianguka, kaka? Chali, kwenye mawe ya mviringo, yaliyojipanga mgongoni mwangu kama vifungo vya koti? Wakaanza kutafuta mfupa uliovunjika huku godoro linaloa. Wewe umesimama pembeni umeshika kofia mikononi, unaogopa Mama asije akaitwa na kulaumiwa. Uliona afadhali jina la nyumba libaki safi.

Aliyesema ukweli ni Konsolata. Huyo huyo mnayemtuma uji, asiyeinua macho mbele ya wakubwa. Alipita katikati yenu mpaka kwa daktari akasema, "Si mawe. Ni pembe. Na anakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda, hii hapa." Akampa pakiti. Alikuwa ameitoa kwenye mkoba wangu wakati ninyi mnachota majivu. Ndipo wakajua sindano gani wanichome, na mimi nikabaki miongoni mwa watu.

Kisha wakaomba mtu wa kunitolea damu. Edigari ukakumbuka kwamba hujala tangu jana. Konsolata akaenda kukaa kwenye kiti akapandisha mkono wa blauzi. Muuguzi akamfunga mpira juu ya kiwiko, akamwambia, "Fumba ngumi, dada."

Mama, nilikuwa kitanda cha pili, nusu nipo nusu sipo, lakini hili nililiona. Konsolata aliutazama mkono wake. Vidole vilikunjika nusu vikasimama. "Fumba," muuguzi akarudia. Konsolata akauleta mkono wa pili, akavikunja vile vidole kimoja kimoja, kama mtu anayemfunga mtoto glavu. Bado ilikuwa asubuhi. Muuguzi alidhani ni woga wa sindano, akamtania. Mimi nilijua ninachokitazama, kwa sababu nilikiona mkononi mwangu mwenyewe nilipokuwa na umri wake, na hakuna aliyeniambia jina lake.

Tulipobaki peke yetu nikamuuliza. Akalia. Akasema asubuhi hawezi kukamua kitambaa cha kudekia, hawezi kushika kisu mpaka jua lipande, na magoti yanamuwaka akipiga magoti kanisani. Nilimwambia awaambie ninyi, maana yeye ni mtu mzima na mdomo ni wake. Akawaambia. Na jibu lenu ndilo lililonifanya nitafute kalamu. Edigari, ujumbe wako ninao kwenye simu, nakusomea ulivyouandika: "Konsolata asikuhangaishe ni vidole tu. Mama atampiga pembe wiki ya wageni uvimbe upungue awape pombe vizuri. Usitaje mambo ya hospitali watu wa mchumba wana masikio."

Niliusoma nikiwa darasani. Ilibidi nitoke nje.

Najua mnachoogopa. Siku hiyo binti hupiga magoti na kuwapa wakubwa kibuyu cha pombe kwa mikono miwili, na wakwe huangalia mikono kuliko uso. Kibuyu kikimponyoka, wataondoka nacho hicho kwenye maneno yao mpaka kwao. Kwa hiyo mnataka mikono ya siku moja. Mmemfukia binti wa watu kama ndizi za pombe shimoni, mmeziba kwa majani, mnangoja siku ya kufunua mkute zimeiva. Konsolata si ndizi. Kila siku anayokaa humo shimoni kuna kitu kinaharibika, na kikishaharibika hakuna wa kukitengeneza, si mimi, si daktari.

Wala sisemi kwamba pembe itamuua. Yeye hamezi dawa yangu, damu yake itaganda. Ninachoogopa ni kwamba pembe itampa nafuu. Ataamka siku mbili tatu na vidole vyepesi, atakishika kibuyu, vigelegele vitapigwa, ataolewa, na moto utaendelea chini kwa chini kama ulivyoendelea kwangu. Miaka itapita. Siku moja atakaa chini ghafla shambani mwa watu, jembe litamtoka mkononi, na mumewe atasema aliuziwa mbuzi kwenye gunia. Hapo mtamtafuta mchawi. Shangazi ataombwa atoe majina.

Kuhusu huyo kijana, kama atamkimbia kwa sababu ya vidonge, akimbie sasa angali na pumzi. Mimi Masanja hunifunga vifungo vya gauni kila siku ya shule. Mwanaume wa plau na ng'ombe, vidole kama mihogo, anakosea matundu, nafika darasani gauni limekwenda upande. Watoto wanajua na wanacheka, na mimi nawaacha wacheke. Hajawahi kuniambia nimemchosha. Wanaume wa namna hiyo wapo. Asiyekuwa wa namna hiyo ni heri ajulikane mapema.

Nilimuuliza yule daktari wangu mwenye sauti kali habari za mdogo wangu. Hakuapa, madaktari hawaapi. Alisema, "Mlete. Akianza dawa sasa, huenda mikono yake ikabaki mikono." Hilo "huenda" mimi sikulipata, Mama. Nilipofika, kwangu lilikuwa limeshapita. Ndiyo maana nalishikilia hivi kwa ajili yake, kwa vidole nilivyobakiwa navyo. Nauli na matibabu tumeshapanga mimi na Masanja, hoja hiyo msiniletee. Kitanda kipo. Beseni la maji ya moto lipo, na mama mkwe amesema hata wawili tunaenea.

Sasa wewe, Mama. Neno hili sijawahi kukuambia. Nimekukasirikia. Nilisema hapana, ukanisikia, ukaendelea. Miezi yote hii mmenitumia salamu, ndizi na karanga, na hakuna hata mmoja aliyesema, Dafroza, ulisema hapana. Sikukasirikii kwa kuwa hunipendi. Ungekuwa hunipendi ningekuwa nimeshakusamehe. Unanipenda hata ukaona mapenzi yako yanajua kuliko mimi, mwenye mwili. Usimfanyie Konsolata hivyo. Damu yake iko ndani yangu, kila moyo huu mbovu unapopapatika unaizungusha na hiyo, na mimi sitakaa Nyamigogo kimya wakati anafanyiwa nilichofanyiwa.

Nisalimieni wifi, na mwambieni deni la khanga nalikumbuka, nimemtafutia nyingine, Konsolata atarudi nayo. Nisalimieni mjomba katekista, anapoomba kwa ajili ya wagonjwa anitaje kwa jina la ugonjwa, siyo "dada yetu mwenye majaribu". Jirani yetu wa bondeni, aliyetupakia kwenye pikipiki siku ile bila kuuliza swali na kiti chake kikaloa, msalimieni mara nyingi. Na Shangazi pia, msalimieni. Ni shangazi yangu, nitafanyaje.

Tumefika mwishoni, Edigari, na sasa utajua kwa nini nilitaka asubuhi.

Konsolata, mdogo wangu, weka bakuli la uji chini. Najua umelishika kwa viganja, siyo kwa vidole. Sogea kwa Mama.

Mama, ulikuwa ukituhadithia kwamba huyu alipozaliwa alikidaka kidole chako cha shahada, akakibana, hata mkunga akashindwa kumbandua, akacheka akasema huyu atakuwa mkulima. Mpe tena kidole hicho. Kiweke katikati ya kiganja chake. Mwambie akibane kwa nguvu zake zote kama siku ile.

Kaka, acha kusoma. Subiri.

Ukisikia amekubana mpaka ukaumia, chomeni barua hii jikoni, na mimi nitakuja kwa magoti haya haya kuomba radhi mbele ya ukoo mzima. Usiposikia kitu, basi la kwanza linapita barabara kuu Jumatatu inayofuata alfajiri. Pembe ibaki ukutani. Wewe mwenyewe, Mama, mfunge vifungo vya gauni, kwa sababu saa hiyo hataweza, umpandishe.

Mimi binti yako niliyebaki hai kwa sababu yake,

Dafroza